Kisima cha Josho

Kicheko hakichuji maji.

Mmelisikia neno hili asubuhi pale bombani, likitoka kinywani mwa mama mmoja, mkaja kuniuliza chanzo chake, na wawili kati yenu tayari mnalitumia kuchezea. Hamjui linauma wapi. Kaeni chini. Vuteni ungo mbangue karanga huku nikisema, maana mimi sisimulii watu waliokunja mikono. Na wewe uliyeniita hazina ya kijiji, koma. Hazina hufungiwa sandukuni, mimi bado nina miguu.

Msemo wenyewe ulizaliwa hapa hapa Chisimbo, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Zamani hizo nilikuwa mke mgeni, sijamaliza hata masika moja kwa wakwe zangu. Kijiji hakikuwa hivi mnavyokiona. Watu waliishi mbalimbali, kila ukoo na kilima chake. Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Mto wetu mnaujua, ni mto wa mchanga. Masika unapita juu kwa kelele, kiangazi unajificha chini, na mwanamke anafukua mpaka mkono wote unazama ndipo anapata kuchota kwa kata, kidogo kidogo. Walioishi bonde la mashariki walitembea nusu siku kuufikia. Mmoja wao alikuwa Mele, binti pekee wa mwenyekiti wetu.

Mwenyekiti aliitwa Sudai. Nataka mumjue vizuri, kwa sababu nikimaliza mtatafuta mtu wa kumchukia na hamtampata. Sudai alikuwa mtu mwema. Alikuwa na kicheko kikubwa kinachoanzia tumboni, na nadhani watu walimchagua kwa kicheko hicho kuliko kwa jambo lingine lolote. Mkutano wake haukuvunjika kwa ugomvi hata mara moja. Watu wakianza kunyoosheana vidole, yeye anatupa neno la mzaha, hasira zinakwisha, shauri linaendelea.

Lakini nyumbani alikuwa na jambo linalomnyima raha. Mele alikuwa mjane na watoto wawili wadogo, Chilewa na mdogo wake wa kike, Ndagwa. Kila alipokwenda mtoni alimfunga mmoja mgongoni na kumkokota mwingine juani, na kichwani ana ndoo. Sudai alikuwa akisema mbele za watu kwamba hatakufa kabla hajamwona binti yake akichota maji mlangoni pake. Hilo ndilo alilolitaka duniani. Shikeni hapo, maana mengine yote yalitoka hapo.

Basi likaja jambo la kupanga ardhi ya kijiji. Wilaya ilimtuma bwana mipango, kijana mpole wa kutoka mbali, ambaye kila swali lake lilitanguliwa na samahani. Alituambia tugawe ardhi yetu: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu, hapa makaburi. Na hakutuletea ramani ya ofisini. Alisema ramani ni yetu, tuichore wenyewe. Tukaichora chini, kwenye uwanja wa shule. Majivu yakawa barabara, mchanga ukawa mto, punje za mahindi zikawa nyumba, maharage yakawa ng'ombe. Wazee wenye mvi walipiga magoti kupanga maharage, wakagombana ng'ombe wa nani anapita wapi. Ilikuwa kazi ya kufurahisha, sitawadanganya.

Furaha iliisha tulipofika kwenye makazi mapya, kwa ajili ya watu wa bondeni na wengine waliokaa mbali na shule na zahanati. Tukisema yawe kilimani, ukoo fulani unasema kuna makaburi ya babu zao. Tukisema kando ya mbuga, wafugaji wanapiga fimbo chini. Tukisema karibu na shule, mwenye shamba analia. Kila mahali palikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mdomo. Mwishowe mtu mmoja akasema, "Uwanda wa Josho je?" Watu wakatazamana, wakaona hakuna anayepinga. Palikuwa tambarare, karibu na barabara, na hapakuwa na shamba wala kaburi la mtu. Maji ya chini hayako mbali, alisema bwana mipango, kisima cha pampu kingechimbwa hapo hapo katikati ya nyumba. Sudai alifurahi mpaka akapiga makofi.

Josho hamlijui ninyi. Ni mfereji mrefu wa saruji, unajazwa maji yenye dawa, ng'ombe wanarushwa ndani upande huu, wanaogelea, wanatokea upande ule, na kupe wote wanakufa. La kwetu lilijengwa kabla mimi sijazaliwa, na dawa ya siku zile ilikuwa kali kuliko hizi za sasa. Maji yakichakaa yanatolewa, na lile tope zito la chini linazolewa na kumwagwa kwenye kishimo upande wa chini wa uwanda. Miaka nenda, miaka rudi, tope juu ya tope. Wazee walijua kwamba ndama aliyekunywa pale hakuamka. Halafu ushirika uliokuwa ukiliendesha ulikufa, josho nalo likafa, likafukiwa, nyasi zikaota. Kwenye ramani yetu ya majivu josho halikuwepo. Hakuna aliyelificha. Tulikuwa tumechora vitu vilivyo hai tu.

Sasa nawaletea mtu wa tatu, na baada yake hakuna tena wa kumkariri. Aliitwa Mhongole, Mhehe, mchonga mizinga ya nyuki. Alikuja huku kijana akifuata msitu, akaoa, akakaa. Mhehe na sisi Wagogo ni watani. Na nisikilizeni, maana utani wenu wa leo ni kuchekana makabila tu. Utani wa kale ulikuwa sheria. Babu zetu na babu zao walipigana, na walipochoka kuuana wakawekeana utani. Mtani anaweza kukukamatia kuku wako uani, anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna unatozwa mbuzi. Na kwenye msiba kazi yake ni kubwa zaidi. Mtani ndiye anayelala kaburini kabla ya marehemu, anayechechemea kama alivyochechemea marehemu, mpaka waliofiwa wacheke hata kama hawataki. Akishawachekesha, msiba umefungwa. Msiba ambao mtani hakutania ulihesabiwa haujaisha.

Mhongole alikuwa mtani wa kijiji kizima, lakini zaidi wa Sudai. Wale wawili hawakuwahi kusalimiana kama watu wazima. Mmoja akimwona mwenzake mbali, matusi yanaanza.

Siku ya mwisho ya mkutano, bwana mipango alisimama na kusema, "Samahani, limebaki swali la afya na usalama wa watu. Je, mahali tulipopachagua pana hatari yoyote? Mafuriko, udongo mbaya, nyoka, chochote kile?"

Wale waliowahi kuswaga ng'ombe kwenye lile josho walikuwepo, na walikuwa wakiangalia maharage yao. Sidhani walitaka kudhuru mtu. Walikuwa wamechoka na mabishano, na ukisema neno linalovunja shauri, kesho ni wewe unayeulizwa sasa watu waende wapi. Ndipo Mhongole akainuka. Aliokota kinyesi kikavu cha ng'ombe pembeni mwa uwanja, akakipitisha juu ya vichwa vya watu kwa mikono miwili kama anabeba mtoto wa mfalme, akakiweka katikati ya zile punje za mahindi.

"Mbukwenyi, wala vumbi!" akasalimu kwa Kigogo, lugha ambayo bwana mipango hakuijua.

"Mbukwa, mla mbwa!" mkutano ukaitika, na tayari watu walikuwa wanacheka.

"Ramani yenu imesahau kitu. Hili hapa ndilo josho. Nawajua Wagogo. Maziwa ya ng'ombe mmekunywa, damu yake mmekunywa, na bado kiu haijaisha. Sasa mnataka kunywa na maji aliyoogea! Kupe wenyewe walikufa mle. Ninyi mnadhani mna ngozi ngumu kuliko kupe?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Wanawake walishikana mabega. Sudai alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa kofia yake. Bwana mipango alimuuliza katibu kuna nini, amesema nini yule mzee.

"Hakuna neno, bwana. Huyo ni mtani wetu."

"Mtani?"

"Ndiyo. Anachosema hakitiliwi maanani."

Yule kijana akacheka naye kwa adabu, asije akaonekana mgeni mwenye majivuno. Katibu akachukua ufagio wa vijiti, akakifagia kile kinyesi mpaka nje ya ramani, akazirudisha zile punje za mahindi mahali pake moja moja. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Ikapita kwa furaha kubwa, kuliko jambo jingine lolote siku ile.

Nakuona wewe unataka kuuliza kwa nini Mhongole hakusema kwa heshima kama mtu mwenye akili. Alisema. Kesho yake alikuja nyumbani. Sudai alikuwa kaka wa baba mkwe wangu, tuliishi tembe moja, nami nilikuwa uani nasonga ugali. Mhongole hakupiga kelele mlangoni kama kawaida yake. Alivua kofia.

"Kamwene, mwenyekiti," akasalimu kwa heshima ya Kihehe.

Sudai akageuka kutazama nyuma yake. "Mwenyekiti yupi? Leo umenipa cheo! Unataka nini, kuku wangu au mke wangu?"

"Leo sitanii. Lile tope la josho lilimwagwa pale pale mnapotaka kuchimba kisima. Ndama waliokunywa pale walikufa. Unakumbuka, ulikuwepo."

Niliuona uso wa Sudai kwa muda mfupi, na mpaka leo naamini kwamba wakati ule alisikia. Labda alimwona Mele na ndoo yake kichwani, akaona kisima kinapotea. Halafu kicheko kikamtoka.

"Mtani akisema hatanii, ndipo utani unapoanza!"

"Sudai, wajukuu zako ndio watakaokunywa maji yale."

"Nawe utakuja kuwazika, ujipatie kuku!"

Mazoea yana nguvu, wajukuu zangu. Watu wawili waliotukanana maisha yao yote, mmoja akirusha, mwingine lazima adake. Mhongole alifungua mdomo, na neno lililotoka ni hili: "Kuku wako wamekonda. Nitataka mbuzi." Wakacheka wote wawili, wakapigana mabega, akaaga. Nilipotoka kumwaga maji nilimkuta amesimama nyuma ya zizi peke yake, ameziba mdomo wake kwa kiganja. Nilimsalimu, hakunisikia.

Watu wakahamia uwandani. Kisima kikachimbwa, pampu ikasimamishwa, ng'ombe akachinjwa. Sudai mwenyewe aliushika mpini wa pampu, akajaza kikombe cha kwanza, akampelekea Mele kwa mikono miwili. Mele alilia. Maji yalikuwa meupe, baridi, matamu kuliko ya mtoni. Hata mimi niliyanywa siku ile, nikamwonea wivu.

Mhongole alikuja kwenye sherehe na kibuyu chake cha maji ya mtoni begani. Alipokaribishwa maji, alijimiminia ya kwake. Watu walianguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo kila alipofika uwandani alikuja na kibuyu, na watoto walimfuata wakiimba kwamba Mhehe anaogopa kuoga. Chilewa ndiye aliyekuwa mwimbishaji wao. Alikuwa mtoto mchangamfu, amechukua kicheko cha babu yake.

Masika ya pili watoto wa uwandani walianza kutapika. Zahanati ilitoa dawa za minyoo, watu wakanywa, ikawa nafuu, ikarudi. Halafu viganja vya watu vikaanza kukakamaa, na kwenye vifua vyao vikatokea madoa meusi kama matone ya mvua kwenye vumbi. Wengine walisema ni uchawi wa watu wa kilimani. Wengine walisema ni chumvi ya udongo, itazoeleka. Wachache walianza kusema neno josho, lakini wakilisema tu, mwingine anadakia, "Yaani umekuwa Mhehe sasa?" na mazungumzo yanaishia kwenye kicheko. Neno lenyewe lilikuwa limeshakuwa mali ya mtani. Hakuna mtu mzima aliyeweza kulitamka bila kuonekana anachekesha.

Chilewa akafa. Alitapika, akalegea, akafa mikononi mwa mama yake kabla mkokoteni wa kumpeleka hospitali haujafika.

Mhongole alikuja kuzika, maana mtani asipokuja ni ugomvi. Alifanya kazi yake. Aliingia kaburini akalala, akasema kaburi ni fupi, Wagogo wabahili hata wa udongo. Aliimba ule wimbo wa Chilewa kwa sauti nyembamba ya kitoto, na Mele, kwa uchungu wote aliokuwa nao, akacheka huku analia. Kisha Mhongole akasimama juu ya lile rundo la udongo na kusema, "Mmemnywesha dawa ya kupe, na kweli hana kupe hata mmoja. Mwingine mnamleta lini?" Nilimtazama usoni aliposema hivyo, na hakukuwa na mzaha hata chembe. Lakini mahali palikuwa pa mzaha, na saa ilikuwa ya mzaha, basi watu wakacheka. Sudai akampa kuku wake kama desturi inavyotaka, na msiba ukafungwa. Jioni ile wanawake walichota maji ya kupikia waombolezaji pale pale kisimani.

Haukupita muda Ndagwa naye akaanza. Viganja vya mtoto mdogo yule vilikuwa vigumu kama vya mkulima. Hapo Mele akafanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Alimbeba mwanawe akaenda mpaka kwa Mhongole msituni, kwenye mizinga yake, na alinisimulia mwenyewe yaliyosemwa huko.

Alipiga magoti mbele yake. "Leo sikuiti mtani," alimwambia. "Nakuita baba. Niambie kama baba anavyomwambia mtoto wake. Ni nini kinachoua wanangu?"

Mhongole aliweka shoka lake chini. "Ni maji ya kile kisima, mwanangu. Kimechimbwa penye tope la josho. Nimesema tangu siku ya kwanza."

"Ulisema ukicheka."

"Nilisema nikicheka, ndiyo. Na nilipoacha kucheka, baba yako akacheka badala yangu."

Mele alimnywesha mtoto maji ya kile kibuyu hapo hapo. Akarudi, akaanza tena safari ya mtoni na ndoo kichwani, akipita kando ya pampu iliyokuwa mlangoni pake. Majirani walisema msiba umemgusa akili. Alimnywesha Ndagwa maji ya mchanga kwa wiki kadhaa, na tuliona kama anapata nguvu kidogo. Tulitaka sana kuona hivyo. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia ndani kabisa, na mtoto alikuwa mdogo. Ndagwa akafa asubuhi moja wakati mama yake yuko mtoni anafukua mchanga.

Siku ya kumzika watu walikuja kutoka vilima vyote. Kaburi lilichimbwa karibu na la kaka yake. Mhongole alikuja akasimama nyuma ya watu, ameshika kofia mkononi. Tukangoja. Mwili ukashushwa bila mtani kuingia kaburini. Udongo ukarudishwa. Tukaendelea kungoja, na hakusogea.

Sudai akamwendea. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa ndefu. "Tania, mtani," akasema. "Watu wanangoja."

Mhongole alilitazama lile kaburi.

"Niite mla vumbi. Sema kaburi ni fupi. Sema chochote, nakuomba, tupate kwenda nyumbani. Nitaufungaje msiba wa mtoto huyu?"

"Sudai," alisema Mhongole, na ilikuwa mara ya kwanza watu wengi kumsikia akimwita jina lake bila tusi. "Nilitania kwenye mkutano, ukacheka. Nilikuja nyumbani kwako nikaacha kutania, ukacheka. Nilitania juu ya kaburi la Chilewa, mkacheka wote, kisha mkaenda kuchota. Nimewachekesha vya kutosha. Kicheko hakichuji maji."

Hakuna aliyecheka. Aliyasema bila kupaza sauti, lakini kila mtu aliyasikia, hata waliokuwa upande wa pili wa makaburi. Sudai aliketi chini kwenye udongo ule mbichi. Mele aliondoka mbele ya watu wote, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye pampu, akaokota jiwe la mafiga, akaupiga mpini mpaka ukakatika.

Mnadhani hapo ndipo watu walipopona. Mmezoea hadithi za namna hiyo. Nami ningependa kuwaambia hivyo.

Pampu ilitengenezwa wiki ile ile. Si kwa ubaya. Kulikuwa na wazee, kulikuwa na wajawazito, mto ulikuwa mbali na jua lilikuwa kali, na mtu mwenye kiu leo haogopi kaburi la mwakani. Waliochanga fedha za fundi ni watu wale wale waliokuwa makaburini. Walikuja watu wa wilaya wakachota maji kwenye chupa, wakaondoka nayo, wakasema tusubiri majibu na wakati huo tusitumie kile kisima. Tulipouliza tutumie kipi, waliangalia saa zao. Majibu hatukuyaona. Waliokuwa na ndugu mahali pengine walihama, nyumba moja baada ya nyingine, na waliobaki ni wale wasio na pa kwenda. Wakaendelea kunywa, wakazika. Ile ramani ilikuwa imeshahamishiwa kwenye karatasi, ikapigwa mihuri, ikatundikwa ofisini, na uwanda ulikuwa umepakwa rangi ya makazi. Kuibadilisha kulihitaji mkutano mkuu wa kijiji. Kila ulipoitishwa watu walikuja, wakakaa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Mhongole alipakia mizinga yake akahama, na hatukujua alikofia. Mele aliendelea kuishi uwandani, kwa sababu wanawe walikuwa pale. Alikwenda mtoni kila siku na ndoo yake, nusu siku, mpaka alipozeeka, na hakuna mtu aliyekuwa akimngoja nyumbani anywe maji hayo.

Sudai aliishi miaka michache. Hakucheka tena. Viganja vyake viligeuka kama magamba ya mti, kwa sababu yeye alirudi kunywa maji ya kile kisima kwa makusudi, na kila tulipomzuia alisema maji aliyowapa wajukuu zake hawezi kuyakataa. Alipokufa tulituma watu kutafuta watani. Walikuja Wahehe wa vijiji vya mbali, watu wa heshima. Walifika kaburini, wakavua kofia, wakasimama kimya. Hakuna aliyeweza kutania Chisimbo, maana neno lile lilikuwa limeshafika kwao. Tukamzika hivyo hivyo. Kwa desturi yetu, msiba wa Sudai haujafungwa mpaka leo.

Haya, karanga zimekwisha na mmeacha kubangua kitambo. Sasa mmejua kwa nini yule mama bombani hakutabasamu alipowaambia, na kwa nini wazee wa hapa, mtu akisema jambo la kuchekesha juu ya maji, au udongo, au mahali pa kujenga, wanamtazama kwanza usoni na kumwambia arudie polepole. Hawataki kumaliza furaha ya mtu. Wanajua kilicholala kule uwandani, na wanajua kililetwa na watu wema, wenye furaha, waliokuwa wakipendana.

Kicheko, wajukuu zangu, hakichuji maji.